Jeni, Mwinuko na Mazoezi: Historia ya Maelezo ya Mbio za Bonde la Ufa

Kenya iliingia Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 mjini Melbourne, ambako Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000. Mwaka 1964, Wilson Kiprugut alitwaa shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya nchi hiyo. Miaka minne baadaye, Mexico City, Kipchoge Keino alimwacha mbali Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500, huku Naftali Temu na Amos Biwott nao wakinyakua dhahabu.

Kwa kuwa Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, wengi walidai kwamba hewa nyepesi ndiyo iliyowabeba wazaliwa wa milimani. Dai hilo lilipungua nguvu mwaka 1972, Keino aliposhinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Munich, mbali na miinuko ya namna hiyo. Macho yakageukia damu, hasa ya Wakalenjin, ambao ni asilimia 13 hivi ya Wakenya lakini wametoa sehemu kubwa ya mabingwa wake.

Hoja ya damu ilikuwa imeshatumika kwa Wafini, waliotawala mbio ndefu enzi za Paavo Nurmi, mshindi wa dhahabu 9 za Olimpiki kati ya 1920 na 1928. Utawala huo ulififia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilhali jeni za Wafini zilibaki zilezile.

Mwaka 1990, mtaalamu wa Sweden Bengt Saltin alilinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulikaribiana, ila Wakenya walitumia nguvu kidogo zaidi kwa mwendo uleule. Umbo linachangia: shavu la mguu likiwa jembamba, mguu ni mwepesi upande wa chini, na kila hatua humgharimu mkimbiaji kidogo.

Wataalamu wa vinasaba nao walichunguza ACTN3, jeni inayohusiana na misuli ya kasi, pamoja na ACE. Walipowapima wakimbiaji mashuhuri wa Kenya na Wakenya wa kawaida, hawakuona tofauti ya kueleza ushindi. Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, jeni yaweza kuwa na uzito mkubwa. Mfini Eero Mäntyranta, aliyepata medali 7 za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji, alirithi badiliko lililoongeza chembe nyekundu za damu yake, na jamaa zake kadhaa walikuwa nalo pia.

Ushahidi wa mazingira na malezi uko wazi zaidi. Mji wa Iten, katika Bonde la Ufa la Kenya, uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na watoto wengi wa eneo hilo wamekua wakienda shule kwa miguu. Mwaka 1976, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika kufundisha katika shule ya St. Patrick's ya mji huo. Mwanafunzi wake Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mwaka 1988. Kila bingwa aliwavuta vijana wengine barabarani alfajiri, kwa kuwa zawadi za mbio zilinunua mashamba na kulipa karo.

Urithi, basi, huchangia umbo na uwezo wa mwili, lakini hakuna jeni moja iliyokwisha kupatikana inayoeleza ushindi wa jamii nzima. Kuuhesabu ushindi huo kuwa wa damu pekee ni kuwanyima wakimbiaji na walimu wao haki ya jasho lao.