Kabla Kidimbwi cha Uani Hakijawa Fasheni: Mafundi wa Pwani Tusiowajua Majina

Wadau, siku hizi kidimbwi cha matofali uani ni habari ya mjini. Unainua ukuta mpaka usawa wa goti, unapiga plasta, unajaza maji, unatia samaki na mayungiyungi, picha zinaanza. Shida inakuja baadaye: ukuta unapata ufa, maji yanavuja, mbu wanazaliana, majirani wananuna. Sasa sikia, haya yote mafundi wa Pwani walishayapatia dawa zamani sana.

Tuanzie Kilwa Kisiwani. Kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Jina la sultani tunalo, la msafiri tunalo. La fundi aliyepima zile pembe nane? Hakuna.

Njoo Unguja, Maruhubi. Sultani Barghash alijenga kasri pale miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Leo ukienda unakuta nguzo, hamamu na mabwawa ya mayungiyungi. Waliobeba mawe na kuchanganya chokaa hawatajwi popote.

Lakini utamu wenyewe uko Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18. Humo kuna birika: tangi la maji lililojengwa kwa mawe na kuinuliwa juu ya sakafu, ili uchote bila kuinama na uchafu wa chini usiingie. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo, yanachomwa juu ya rundo la kuni, yanazimwa kwa maji, kisha yanakandikwa na kusuguliwa mpaka ukuta unakuwa laini.

Halafu ndani wanafuga samaki wadogo. Si urembo! Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Na chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, fundi anapachika bakuli la kauri kutoka China. Siku ya kuosha, maji yakitolewa, samaki wanabaki salama ndani ya bakuli wakisubiri birika lijazwe tena. Jamani, hiyo akili!

Ronald Ross alithibitisha uhusiano wa mbu na malaria mwaka 1897, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Alistahili. Ila yule aliyewaza kwanza kutia samaki kwenye birika hata kaburi lake hatulijui.

Kwa hiyo ukijenga chako, kumbuka mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na maji husukuma ukuta, usibanie unene. Tia samaki, maana mbu hawangoji. Acha shimo sakafuni, siku ya usafi litakufaa.

Na jambo la mwisho. Birika na visima vya zamani bado vipo mitaani kwetu, na wazee wanaowakumbuka waliovijenga wanazidi kuondoka. Kama kwenu kipo, muulize bibi au babu leo: fundi alikuwa nani? Andika jina lake hapo chini, tulisome wote.