Baiskeli Ipi Yafaa Kufungwa Injini?

Tunapoisimulia historia ya vyombo vya usafiri, tumezoea kumsifu aliyevumbua injini na kumsahau mtu wa kawaida aliyekuwa na baiskeli moja tu, akasimama mbele ya fundi na kuuliza kama baiskeli ile ingeistahimili injini hiyo. Swali lake halikuwa dogo. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, watu wengi wa Ulaya na Japani hawakuwa na fedha za kununulia motokaa wala pikipiki. Petroli yenyewe ilikuwa ya mgawo. Uingereza mgawo huo haukuondolewa mpaka Mei 1950. Baiskeli ndiyo iliyowafikisha watu kazini. Aliyekosea katika kuchagua aliweza kukiharibu chombo pekee alichokuwa nacho, na pengine kuvunjika mifupa juu yake.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuitia baiskeli nguvu ni ile ya msuguano. Injini ndogo hufungwa juu ya gurudumu au chini ya pedali, na kwenye mhimili wake huwekwa kigurudumu kigumu ambacho hukandamizwa juu ya tairi. Kigurudumu kikizunguka, tairi nalo hulazimika kuzunguka. Hapana haja ya gia wala mnyororo wa pili. Mwendeshaji akiuvuta wenzo, injini huinuka, na baiskeli hurudi kuwa baiskeli kama zamani.

Mtu aweza kudhani kwamba gurudumu kubwa litaleta mwendo mkubwa. Sivyo. Tuchukue kigurudumu chenye kipenyo cha milimita 40. Mzingo wake ni kama milimita 126. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wa kigurudumu husafiri mita zipatazo 500 kwa dakika, yaani kilometa 30 kwa saa. Tairi lililogusana nacho halina budi kwenda mwendo uo huo, liwe la inchi 26 au la inchi 28, ikiwa haliteleze. Ukubwa wa gurudumu, basi, haukuwa jambo la kumsumbua mnunuzi, ila kwa namna ya kuifunga injini tu.

Jambo la kumsumbua lilikuwa tairi lenyewe. Tairi la baiskeli lilibuniwa libebe uzito na kukanyaga ardhi. Halikubuniwa lisagwe mgongoni na chuma. Lenye vinundu vikubwa lilingurumisha baiskeli nzima na kulika upesi. Lililofaa lilikuwa na uso laini wenye mistari ya karibu karibu, nalo lijazwe upepo hata liwe gumu. Gurudumu lililopinda halikufaa kabisa, kwa sababu kila lilipoyumba kigurudumu kilibana mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Spoku zilizolegea zilikazwa kwanza. Madigadi ilikatwa ili kigurudumu kipate njia. Na mvua iliponyesha, maji na matope yaliingia kati ya chuma na mpira, injini ikapiga kelele bure huku baiskeli ikipunguza mwendo.

Kisha breki. Baiskeli nyingi za Kiingereza za siku zile zilikuwa na breki za vyuma virefu vinavyovuta vipande vya mpira kuubana ukingo wa ndani wa rimu. Ndiyo baiskeli ile kubwa nyeusi ya magurudumu ya inchi 28 ambayo wazee wetu wa Afrika ya Mashariki waliifahamu vizuri, maana ililetwa huku kwa wingi. Fremu yake ni imara. Uzito wa injini haukuitisha. Lakini rimu ikilowa breki hizo hushika kwa shida, na mtu aliyezoea mwendo wa miguu yake hana sababu ya kulitambua jambo hilo mapema. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipokuwa na hatari kubwa kupita zote: injini iliongeza mwendo, wala haikuongeza uwezo wa kusimama.

Watengenezaji walitofautiana juu ya mahali pa kuiweka injini. Garelli wa Italia, katika Mosquito ya mwaka 1946 yenye sentimita za ujazo 38 tu, waliificha chini ya pedali, uzito ukae chini na katikati; lakini ilihitajiwa baiskeli yenye nafasi ya kutosha mahali hapo. Mini-Motor, iliyobuniwa na Mwitalia Vincenzo Piatti na kutengenezwa na Trojan huko Croydon, Uingereza, tangu mwaka 1949, ilikaa juu ya gurudumu la nyuma. Hiyo ilikubali baiskeli nyingi, ila mwenyewe alipoteza mahali pa kufungia mzigo.

Huko Japani jaribio lilikuwa na mwisho mwingine. Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa za kuendeshea jenereta za redio. Kwanza aliiweka injini mbele ya usukani, isukume gurudumu la mbele kwa msuguano. Tairi za Japani za wakati ule hazikuvumilia. Akaiacha njia hiyo, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa ukanda. Tangi lake la kwanza la petroli lilikuwa chombo cha kutilia maji ya moto cha nyumbani. Watu wakakiita chombo hicho bata-bata, kwa kufuata mlio wake, kama sisi tulivyopata neno pikipiki.

Wafaransa wawili, Maurice Goudard na Marcel Mennesson, waliokuwa wakitengeneza kabureta za Solex, walilijibu swali kwa njia ya mkato. Wakati wa vita walijaribu injini yao juu ya gurudumu la mbele la baiskeli ya kawaida aina ya Alcyon. Lakini VéloSoleX ilipoanza kuuzwa mwaka 1946, iliuzwa nzima: injini pamoja na fremu yake, iliyoinama katikati hata mvaa gauni au kanzu aweza kupanda bila taabu. Uma wa mbele, magurudumu na tairi vilichaguliwa kiwandani kwa ajili ya injini ile. Mnunuzi hakuwa tena na la kumwuliza fundi. Alipata chombo cha kutegemewa zaidi, na ile baiskeli yake ya zamani, ambayo pengine ingefaa, ikabaki ukutani.

VéloSoleX iliendelea kutengenezwa Ufaransa mpaka mwaka 1988. Muda wote huo pedali zake hazikuondolewa, wala ule wenzo wa kuinulia injini.