Malori ya kale: Jinsi yanavyofufuliwa, na kwa nini mengi hupotea

MOTOKAA ya kifahari ikichoka, hufunikwa turubai na kuwekwa bandani ikisubiri mjukuu atakayeipenda. Lori halina bahati hiyo. Hubeba mchanga, mahindi, saruji na ng'ombe hadi fremu ipasuke, kisha hukatwa kwa moto wa gesi na kuuzwa kwa kilo.

Hiyo ndiyo sababu ni nadra kulipata lori la miaka ya 1930 au 1940 likiwa zima, ilhali malori ya rika hilo ndiyo yaliyosomba vifaa vilivyojenga barabara, shule na masoko.

Hata hivyo, nchini Uingereza, Marekani na kwingineko wapo watu wanaoyatoa malori hayo vichakani, kuyafufua na kuyapeleka katika maonyesho. Makala haya yanaeleza shughuli hiyo kwa kuliangazia hasa lori la Bedford, ambalo Wakenya wengi wa umri mkubwa wanalikumbuka.

Bedford ni lori gani?

Bedford lilizaliwa mwaka wa 1931 mjini Luton, Uingereza, katika kiwanda cha Vauxhall. Kampuni hiyo ilikuwa imenunuliwa na General Motors ya Marekani mwaka wa 1925. Lori la kwanza lilikuwa la kubeba tani mbili.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, kiwanda kiligeukia mahitaji ya jeshi na kuunda zaidi ya malori 250,000. Vita vilipokwisha, mengi yaliuzwa kwa raia na kuanza maisha ya pili katika mashamba na machimbo ya mawe.

Mwaka wa 1950 lilitoka Bedford la aina ya S, lililobeba tani saba. Mwishoni mwa mwongo huo likafuata TJ, lenye pua ndefu mbele ya kebini, na mwaka wa 1960 TK, lisilo na pua. Injini ya TK iliwekwa nyuma ya viti, na fundi aliifikia kwa kufungua vifuniko vya ubavuni bila kuinua kebini.

Tangazo la kampuni lilijigamba kwamba Bedford huonekana kila mahali, na halikuwa mbali na ukweli. Malori hayo yaliuzwa Afrika, Asia na Australia. TJ liliendelea kuundwa kwa ajili ya nchi za nje hata baada ya kuondolewa katika soko la Uingereza katika miaka ya 1970.

Nchini Kenya, mfungamano na Luton ulikuwa wa karibu. General Motors Kenya, iliyoundwa mwaka wa 1975, ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari jijini Nairobi. Kampuni hiyo ndiyo inayoitwa Isuzu East Africa tangu mwaka wa 2017.

Mwaka wa 1987 General Motors iliuza kiwanda cha malori cha Dunstable, karibu na Luton. Mnunuzi aliendelea kuunda malori kwa jina la AWD, lakini biashara hiyo ikasambaratika mwaka wa 1992. Tangu hapo, mwenye Bedford kuukuu hana kiwanda cha kukimbilia anapotafuta kipuri.

Kufufua si kupaka rangi

Watu wa fani hii hutofautisha kazi tatu. Kufufua ni kulirudisha lori katika hali liliyokuwa nayo lilipotoka kiwandani. Kuhifadhi ni kulizuia lisiharibike zaidi huku likiachiwa makovu yake. Kugeuza ni kulitia injini ya kisasa, viti vipya na breki za aina nyingine ili litumike leo.

Kosa la wengi ni kuanza na rangi. Mlango uliochakaa wenye jina la mwenye duka, mji wake na uzito wa mzigo ulioruhusiwa ni hati ya historia. Ukishakwanguliwa, lori hung'aa lakini huwa limenyamaza.

Kwa hivyo, kabla spana haijashikwa, mwenye lori hulipiga picha kila upande, hunakili nambari ya chasisi na ya injini, na huwatafuta wamiliki waliotangulia. Mara nyingi dereva mstaafu au utingo wake ndiye ajuaye kwa nini fremu ilitiwa kiraka, au ni lini sanduku la gia lilibadilishwa.

Hatua za kazi

Fremu hukaguliwa kwanza, kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa lori. Nyufa hutafutwa hasa mahali springi zinaposhikiliwa na pale penye matundu ya ribiti. Fremu nene hustahimili kusafishwa kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu. Mabati membamba ya kebini yakisafishwa hivyo bila uangalifu hujikunja, na kuyanyoosha ni kazi ya siku nyingi.

Kebini huja baadaye. Malori mengi ya zamani yana kiunzi cha mbao kilichovikwa mabati. Mbao huoza kimyakimya huku bati likionekana zima, hivyo seremala huhitajika sawa na mchomeleaji. Kipande kilichooza hakitupwi, maana ndicho kielelezo cha kukatia kingine.

Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa. Plagi hutolewa, mafuta mepesi hutiwa ndani ya silinda na kuachwa yapenye kwa siku kadhaa. Baadaye injini huzungushwa polepole kwa mkono. Anayeisukuma kwa lori jingine huenda akavunja pistoni ambayo hakuna duka linaloiuza.

Tangi la mafuta, radieta na mabomba yote huoshwa kabla ya injini kuwashwa. Uchafu uliotulia humo kwa miaka ishirini ukifika katika kabureta au pampu ya dizeli, kazi yote huanza upya.

Kuna pia suala la petroli. Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi iliyochanganywa katika petroli ili kuvikinga vikalio vya valvu visilike. Petroli ya aina hiyo iliondolewa Uingereza kufikia mwisho wa mwaka wa 1999, na katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, kufikia Januari 2006. Fundi hulazimika kuweka vikalio vigumu zaidi anapoifungua injini, au mwenye lori atumie dawa ya kuchanganya na petroli.

Uingereza ilipoanza mwaka wa 2021 kuuza petroli ya kawaida yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli, lilizuka tatizo jingine. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani ya mafuta, na mpira uliopasuka juu ya injini yenye moto ni msiba.

Ugumu mkubwa zaidi ni ujuzi. Baadhi ya injini za kale zina beringi zilizotengenezwa kwa kuyeyusha madini, kuyamimina mahali pake na kuyachonga hadi kipimo kamili. Mafundi wanaoimudu kazi hiyo ni wachache na wengi wao wana umri mkubwa. Anayekufa bila mwanafunzi huenda na karakana nzima kichwani.

Hatari zisizoonekana

Magurudumu ya malori mengi ya zamani yana rimu za vipande, ambapo tairi hushikiliwa na pete ya chuma. Pete ikiwa na kutu au haikukaa sawasawa, hufyatuka kwa nguvu ya kuua wakati tairi linapojazwa upepo. Kwa sababu hiyo, gurudumu la aina hiyo hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na mjazaji husimama kando.

Bitana za breki na gasketi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi, kwa hivyo halipulizwi kwa upepo wala kufagiliwa likiwa kavu. Rangi za zamani nazo zilikuwa na risasi, hivyo anayezikwangua huvaa barakoa ifaayo.

Tangi la petroli halichomelewi hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Maonyesho ni soko, darasa na baraza

Lori likishafufuliwa huhitaji mahali pa kwenda. Nchini Uingereza, chama cha Historic Commercial Vehicle Society huandaa msafara wa kutoka eneo la London hadi mji wa pwani wa Brighton. Msafara huo ulianza mwaka wa 1962. Malori, mabasi na magari ya zimamoto hupanda vilima vya kusini mwa nchi kwa mwendo wa kobe, huku watu wakipanga viti kando ya barabara kuyatazama.

Katika mji wa Leyland, ambako kampuni ya malori ya jina hilo ilianzia, kuna makumbusho ya magari ya biashara yaliyofunguliwa mwaka wa 1983. Jina hilo si geni Kenya. Kiwanda cha Thika kinachoitwa leo Kenya Vehicle Manufacturers kilianzishwa mwaka wa 1974 kama Leyland Kenya.

Nchini Marekani, chama cha American Truck Historical Society kilianzishwa mwaka wa 1971, na kila mwaka huandaa maonyesho makubwa katika mji tofauti. Huko Walcott, jimbo la Iowa, kituo kikubwa cha mapumziko ya madereva kimeandaa tamasha la madereva wa malori tangu mwaka wa 1979, na malori ya kale hupangwa uwanjani humo kwa safu. Karibu na hapo pana makumbusho ya malori yaliyotokana na mkusanyiko wa mwanzilishi wa kituo hicho, Bill Moon.

Katika baadhi ya maonyesho waamuzi hukagua kila nati na kutoa tuzo. Katika mengine hakuna mshindi. Kila aliyefika na lori lake huhesabiwa kuwa amefaulu. Hata hivyo, wazoefu hawafuati kombe. Huenda kutafuta kabureta iliyokosekana kwa miaka mitano, kuuliza namna ya kufungua gia iliyokwama, na kuwasikiliza madereva wazee kabla hawajaondoka duniani.

Njia tatu za uzee

Bedford limezeeka kwa njia tofauti katika nchi tofauti. Uingereza hulifanya hazina ya kuonyeshwa. Pakistan imechagua njia nyingine: humo Bedford za zamani zimeendelea kubeba mizigo kwa miongo mingi, zikiwa zimepambwa kwa michoro ya ndege, maua, mashairi na nyuso za mashujaa. Karakana za wachoraji, maseremala na wafua vyuma zimeishi kwa kazi hiyo, na kwa hivyo ujuzi haukukatika.

Kenya iko katikati. Mafundi wake wa jua kali wana uwezo ambao wapenzi wa malori wa Ulaya wangeuonea wivu. Kamukunji, vyuma hukunjwa na kuchongwa kwa nyundo na tindo. Katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, kipuri kisichopatikana hutafutiwa mbadala. Lakini uwezo huo umetumika kulifanya lori lifike safari ya kesho, si kulihifadhi. Injini ikifa, hutiwa ya aina nyingine. Fremu ikifa, mizani ya chuma chakavu husubiri.

Hapana lawama hapo. Mwenye lori ana karo ya kulipa, na chuma kina bei. Lakini garimoshi limepata makao katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Motokaa na pikipiki za zamani nazo zina uwanja wao katika shindano la Africa Concours d'Elegance, lililoanza mwaka wa 1970 jijini humo. Historia ya lori, kwa kiasi kikubwa, imeachiwa watu binafsi na nyua zao.

La kufanya hata bila pesa

Si kila mwenye mkweche uani ataweza kuufufua. Hata hivyo, yapo mambo manne yasiyogharimu sana. La kwanza ni kulifunika lori na kuliinua juu ya magogo ili fremu isilale kwenye tope. La pili ni kuweka pamoja hati ya umiliki, vitabu vya matengenezo na picha za zamani.

La tatu ni kutouza vipande kimojakimoja, kwa kuwa lori lililokosa radieta, taa na usukani huwa gumu mno kufufuliwa. La nne, ambalo halingoji, ni kumketisha dereva wa zamani na kurekodi anayoyajua: njia alizopita, mizigo aliyobeba, milima iliyomshinda, na jinsi alivyokanyaga klachi mara mbili ili gia iingie bila kelele.

Chuma kinaweza kungoja miaka kumi chini ya turubai. Mzee aliyekiendesha hana hakika ya kungoja hivyo.