Usiku wa Matanga Kakamega

Jioni ya msiba katika vijiji vya Isukha na Idakho, huko Kakamega magharibi mwa Kenya, ilianza kwa kuni. Vijana walitumwa kukokota magogo hadi uani, moto ukawashwa, na wanaume wakauzunguka hadi asubuhi huku wanawake wakijaa ndani ya nyumba pamoja na mjane. Baadaye zililia ngoma za isukuti, ambazo hupigwa tatu kwa pamoja, ya baba, ya mama na ya mtoto, zikifuatana na baragumu la pembe ya swala. Hakuna aliyetarajia kwamba mwenye msiba angelala. Jamii ilikuwa imeshakubali kwamba usingizi umemtoka, ikapanga watu wa kuwa macho pamoja naye.

Mkesha huo ulitibu jambo ambalo siku hizi mtu hulipeleka kwa daktari: hofu ya usiku inayomfanya aliyefiwa atazame paa hadi alfajiri. Tena dawa yake haikuishia kwenye ngoma. Sehemu yenye nguvu zaidi ilifanyika mchana, siku chache baada ya kuzika.

Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti Kavirondo ya Kaskazini, wilaya iliyotawaliwa kutoka Kakamega, kati ya 1934 na 1938, hasa miongoni mwa jamii nyingine mbili za eneo hilo, Wamaragoli na Wabukusu. Katika kitabu chake kilichotoka 1949 alieleza kwa kirefu siku ya kunyoa nywele, iliyofanyika kwa kawaida siku ya tatu baada ya mazishi. Ndugu walinyolewa, kisha ukoo ukaketi. Aliyemdai marehemu ng'ombe alisimama akasema; aliyedaiwa naye akakiri mbele ya watu. Mifugo ilitajwa, mashamba yakatajwa, na ikaamuliwa nani atamtunza mjane na watoto.

Fikiria anachokiwaza mjane saa nane za usiku. Nani atakuja kesho kudai ng'ombe? Shemeji atalitwaa shamba? Watoto watalelewa na nani? Maswali hayo ndiyo yanayoula usingizi, na baraza la siku ya tatu liliyajibu moja baada ya jingine, mashahidi wakisikia. Aliyenyamaza siku hiyo na deni lake moyoni ilimwia vigumu kulileta baadaye.

Si kila jibu lilikuwa la haki. Mjane alipewa mlinzi bila kuulizwa sana, na katika kikao hicho hicho watu walitafuta aliyesababisha kifo; jirani aliyeshukiwa uchawi alirudi kwake akiwa na hofu mpya. Utaratibu ule ulituliza nyumba moja na pengine ukaikosesha nyingine usingizi. Hata hivyo ulijua jambo la msingi, kwamba wasiwasi wa aliyefiwa una sababu zinazotajika, na kwamba zikitajwa hadharani nguvu zake hupungua.

Upande wa kaskazini, kwa Watachoni na Wabukusu, kulikuwa na mfariji maalumu, omuswasi, aliyeitwa baada ya mazishi ya mzee mwenye wajukuu. Alitembea mbele ya watu akiwa na fimbo yake, akisimulia historia ya ukoo, akionya na kuliwaza, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Desturi hiyo, iitwayo kumuse, haijafa.

Sasa weka kando ya haya yote kitabu kingine. Daktari J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa sonona ni nadra kwa Waafrika, na mojawapo ya sababu alizotoa ni kwamba hawajihisi kuwajibika. Aliwajua Waafrika hasa kupitia wodi na magereza. Lau angeketi usiku mmoja kando ya moto wa matanga Kakamega, angewaona watu waliojihisi kuwajibika kiasi cha kutolala kwa ajili ya jirani.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alipendekeza kwamba asiyepata usingizi asijilazimishe kubaki kitandani: aamke, akae mahali pengine, arudi anapousikia usingizi unakuja. Ushauri huo hadi leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi. Wazee wa Isukha hawakuwa na nadharia hiyo, lakini hawakumwacha mfiwa peke yake gizani akipigana na godoro.

Desturi ilianza kubadilika wamisionari walipoingia. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua misheni ya Mukumu 1906. Waquaker waliwakataza waumini pombe na ngoma za jadi, nyimbo za dini zikachukua nafasi ya ngoma hizo. Uamsho wa Kaimosi wa 1927 ulizaa makanisa ya Roho, na ngoma zikarudi matangani kwa mlango wa kanisa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na mochari. Maiti ikihifadhiwa wiki moja au mbili, familia hukesha siku nyingi kabla hata ya kuzika, huku ikichangisha pesa za bili, jeneza na chakula. Deni lililokuwa likimalizwa matangani sasa huzaliwa matangani. Usiku vijana huleta jenereta na spika, na wakuu wa utawala magharibi mwa Kenya wamepiga marufuku disko matanga mara kwa mara wakihofia usalama wa wasichana. Hofu yao ni ya kweli. Lakini marufuku hiyo haimpi mfiwa mtu wa kukaa naye.

Mwaka 2020 uliuonyesha upungufu huo waziwazi. Februari 3, wanafunzi walikanyagana kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega na 14 wakapoteza maisha. Washauri nasaha walifika, na mji mzima ukakusanyika Uwanja wa Bukhungu kuomboleza. Wiki chache baadaye UVIKO uliingia Kenya: kafyu ikaanza jioni, waombolezaji wakawekewa kikomo cha watu 15, na waliofiwa miezi ile wakabaki na usiku wao wenyewe.

Tangu Septemba 2023 serikali ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wanajua boma lipi limezika mwezi huu. Wakifika humo, baada ya kupima presha, wamuulize mjane analala saa ngapi na nani yuko naye nyumbani usiku, kisha waulize ni deni gani ambalo ukoo haujalizungumza.