Seremala wa Kant na Wazee wa Magharibi ya Kenya: Urithi wa Zama za Mwangaza Mpakani

Mnamo mwaka wa 1902, C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyeanza kazi ya utawala huko Mumias mwaka wa 1895, alichapisha uchunguzi wa kiethnolojia aliouita *Eastern Uganda*. Mwaka huohuo, tarehe 1 Aprili, Jimbo la Mashariki la Uganda lilitolewa katika himaya hiyo na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka wa 1920 iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Nambale, nchi ya Wakhayo, ikatoka Uganda bila mkazi wake hata mmoja kuhama. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili za mpaka. Kitabu kilichokusudia kuwaeleza watu hawa kilikuwa kimebeba jina ambalo serikali ya mwandishi wake ilikwisha kulifuta.

Yamkini mtu akaliona jambo hili kuwa ajali ya uchapishaji. Hata hivyo, linafichua tabia ya utanzu wenyewe. Uchunguzi wa kiethnolojia ni mjukuu wa Zama za Mwangaza, zama ambazo Linnaeus, katika chapa ya kwanza ya mfumo wake ya 1735, alimworodhesha binadamu pamoja na mimea na wanyama na kumgawa kwa mabara. Katika utanzu huo mwenyeji hutazamwa, hupimwa, hupewa jina na kupangwa mahali pake. Ndivyo neno "Kavirondo", lililotoka kwa wapita njia, lilivyowakumbatia kwa pamoja wasemaji wa lugha za Kibantu na Waluo, kisha likahitaji kugawanywa tena ili liwe na maana. Mwenyeji akisema lolote, usemi wake huwa kielelezo cha kabila lake, hauwi hoja ya kujibiwa.

Lakini Zama za Mwangaza zilikuwa na usemi mwingine uliokinzana na huo. Mwaka wa 1784 Immanuel Kant alimtaka kila mtu athubutu kutumia akili yake mwenyewe bila kuongozwa na mwingine. Miaka ishirini kabla ya hapo, Kant huyohuyo aliandika kifungu ambacho wahakiki wa fasihi wangefaa kukisoma kwa makini zaidi kuliko wanavyofanya. Akimfuata padri wa Kifaransa aitwaye Labat, anasimulia habari za seremala Mwafrika aliyelaumiwa kwa jinsi alivyowatendea wake zake. Seremala alijibu kwa kuwageuzia Wazungu lawama: wao huwapa wake zao uhuru mwingi mno, kisha hulalamika wakisumbuliwa nao. Kant anakiri kwamba huenda katika jibu hilo mlikuwamo jambo la kufikiriwa. Kisha analifuta: msemaji alikuwa mweusi tangu utosini hadi nyayoni, na weusi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba alisema upuuzi.

Kwa upande wa maudhui jibu la seremala halina la kusifiwa, na Kant naye alikuwa tayari kulipokea lingetoka kwa mwingine. La kutazamwa hapa ni umbo la kifungu. Hoja inasikika, inakaribia kupimwa, kisha rangi ya ngozi inashika nafasi ya kanusho. Seremala hana jina. Kabla ya hapo Kant alikuwa amemtaja David Hume, ambaye mwaka wa 1753 aliongeza tanbihi ya kuwashuku weusi kuwa duni kimaumbile. Wakati huo Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa pwani ya Ghana ya leo, alikuwa amekwisha kufundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena, Ujerumani kwenyewe.

Watu wa Kavirondo hawakungoja kuruhusiwa na Kant. Desemba 1921 huko Lundha, Gem, kilianzishwa chama cha Young Kavirondo Association. Kililitwaa jina la wageni na kulitumia kudai haki: koloni lirudishwe kuwa himaya na kipande kiondolewe. Dai la kwanza lilisimama juu ya wazo kwamba mtawala na mtawaliwa wamefungwa na mapatano, na kwamba mmoja hawezi kuyabadilisha peke yake.

Jibu kwa Kant mwenyewe lilikawia hadi kwa H. Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka wa 1944 Ugenya, kusini ya Nambale. Alisoma Uppsala, chuo kilekile alikofundisha Linnaeus, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miaka ya 1970 aliwaendea wazee wa vijijini na kuwahoji, na mwaka wa 1990 mazungumzo hayo yakatolewa katika *Sage Philosophy*. Humo mzee ana jina. Paul Mbuya Akoko anazungumza, Simiyu Chaungo wa Wabukusu anazungumza, na Oruka Rang'inya, babake mwandishi, pia. Wanaulizwa maswali, wanajibu, wanabanwa, wanajitetea. Mbuya anaikosoa imani ya jamii yake mwenyewe kwamba kila kabila lina Mungu wake. Huo ndio uthubutu alioutaka Kant mwaka wa 1784, nao umetoka kwa mtu ambaye Kant wa 1764 asingemsikiliza.

Kwa kuchagua mahojiano badala ya uchunguzi, Odera Oruka aliushinda utanzu wa Hobley kwa silaha ya umbo. Hapa ndipo sifa yake kubwa ilipo, kuliko hata katika mielekeo minne ya falsafa ya Kiafrika aliyoipambanua mwaka wa 1978.

Hata hivyo, mzani uliotumiwa una kasoro. Odera Oruka aliwatenga wenye hekima ya jadi, wanaojua na kurudia mapokeo, na wenye hekima ya kifalsafa, wanaoyahoji. Mwamuzi wa nani awe wapi ni msomi, na hukumu imeandikwa kwa Kiingereza. Orodha imerudi kwa mlango wa nyuma. Athari yake kwa fasihi simulizi si ndogo, kwa maana methali, kitendawili na ngano, kwa kuwa ni mali ya wote, huangukia upande wa mapokeo. Lakini methali haisemwi na wote kwa pamoja. Mzee wa Kikhayo anayeamua ugomvi wa mpaka wa shamba huchagua methali moja na kuziacha nyingine. Mpinzani wake huweza kumjibu kwa methali inayoikana ya kwanza, na wasikilizaji hupima ipi imelingana na kesi. Hapo pana dai, pingamizi na uamuzi. Mwanafalsafa anayesubiri mzee aiweke methali kando ndipo aanze kufikiri, atakuwa ameondoka barazani kabla ya hoja kutolewa.