Ufanisi wa Joto: Kipimo cha Boila Banifu

Katika mazungumzo ya kila siku, ufanisi ni kufanya kazi ikafana. Kwa fundi wa boila, yaani mtambo wa kupasha maji joto, neno hilo ni hesabu. Ufanisi wa joto ni asilimia ya joto lote lililomo katika kuni au makaa ya mawe ambayo kweli imeingia kwenye maji. Joto linalobaki hupotea.

Tuseme kitalu nyumba kinachopashwa kwa maji ya boila kinahitaji megajuli 1,500 za joto kwa usiku mmoja, na kila kilo ya makaa ya mawe ina megajuli 25. Boila yenye ufanisi wa asilimia 60 itakula kilo 100. Yenye asilimia 80 itakula kilo 75. Kilo 25 za kila usiku ndizo tofauti ya mashine hizo mbili.

Joto hupotea kwa njia kadhaa. Sehemu kubwa hutoka na moshi, hasa hewa inapoingizwa tanuruni kupita kiasi au masizi yanapogandamana kwenye mabomba. Nyingine hubaki ndani ya majivu yenye chembe za makaa ambazo hazikuungua. Nyingine huvuja kwenye kuta zisizofunikwa vizuri. Makaa yenye unyevu nayo hutumia joto kukausha maji yake yenyewe kwanza.

Mashine inayopunguza hasara hizi tuiteje? Wengine husema "boila fanisi". Mimi napendekeza "boila banifu", kwa sababu "jiko banifu" tayari linajulikana vijijini: jiko linalobana matumizi ya kuni. Basi "banifu" iwe sifa ya chombo, na "ufanisi wa joto" ubaki jina la kipimo. Boila yoyote ina ufanisi wake, mkubwa au mdogo. Banifu ni ile tu yenye ufanisi mkubwa.

Lakini je, kila kitalu kinahitaji kupashwa joto? Huko Naivasha, Kenya, juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko Ziwa Victoria, shamba la maua la Oserian lilipasha joto vitalu vyake kwa jotoardhi. Lengo mojawapo lilikuwa kupunguza unyevunyevu wa usiku unaoleta ukungu kwenye waridi. Kwa mkulima wa nyanya wa Kabasa, au wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, Tanzania, hali ni nyingine: usiku wa kandokando ya Ziwa Victoria kwa kawaida una joto la kutosha nyanya, na shida kubwa ya kitalu ni joto la mchana. Tena makaa ya mawe ya Ngaka yako Ruvuma, upande wa pili wa nchi, na gharama ya kuyasafirisha inaweza kumeza faida ya boila banifu kuliko zote.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, pima kwanza joto la usiku ndani ya kitalu chako. Likitosha, fedha za boila zipeleke kwenye madirisha ya hewa. Lisipotosha, mwulize muuzaji ufanisi wa joto wa boila yake, na umtake akueleze umepimwa kwa makaa gani. Asiye na jibu, usinunue kwake.