Mstari wa Sakania: Kurefusha na Kukata katika Uchoraji wa Mpaka

Mchoraji wa ramani anayefanya kazi kwa kompyuta huzijua amri mbili zinazokwenda pamoja. Kwa ya kwanza, mstari mfupi hurefushwa mpaka ukutane na mstari mwingine uliochaguliwa kuwa kikomo. Kwa ya pili, kipande kilichovuka kikomo hukatwa. AutoCAD, programu iliyotolewa mwaka 1982, huziita amri hizo kwa Kifaransa prolonge na ajuster. Hapo Kiswahili husema kweli zaidi, kwani ajuster ni kurekebisha tu, na kipande kilichobonyezwa hakirekebishwi bali hufutwa.

Ufundi huo uliitangulia kompyuta kwa miaka mingi. Ramani ya Sakania, kusini-mashariki mwa Lubumbashi, ni zao lake. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili aliyetawala Dola Huru la Kongo, uliufuata mto Luapula kutoka ziwa Mweru hadi mahali unapotoka katika ziwa Bangweulu. Hapo mto haukuwafaa tena wenye mkataba. Wakaichukua meridiani ya mahali hapo, wakairefusha kusini mpaka ikutane na mgongo wa nchi unaotenga maji ya Kongo na maji ya Zambezi. Kisha mpaka ukaufuata mgongo huo hadi kwenye milki ya Wareno. Ndivyo ulivyopatikana ulimi mrefu wa ardhi ya Kongo unaoingia ndani ya Zambia ya leo. Wasemao Kifaransa waliuita buti, wasemao Kiingereza wakauita kikonyo.

Neno lenyewe mpaka lastahili kuangaliwa. Ni nomino, na pia ni kihusishi chenye maana ya hadi. Mtu aweza kusema bila kosa kwamba mstari umerefushwa mpaka mpakani, na sentensi hiyo ni muhtasari wa kifungu kizima cha 1894. Lakini kompyuta haikubali amri ya kurefusha endapo kikomo hakijachorwa. Mwaka 1894 kikomo kilikuwa jina tu. Hakuna aliyekuwa ameupima mgongo ule kwa ukamilifu, na Luapula hutoka Bangweulu kwa kupita katika mabwawa mapana, hata mahali pa kuanzia penyewe pakahitaji kutafutwa.

Kazi hiyo iliwaangukia wapimaji. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilitembea porini kati ya 1911 na 1914, na kazi ikarudiwa kuanzia 1927 hadi 1933. Nchi yenyewe ni uwanda wenye miinuko midogo na mabonde ya majani. Mara nyingi macho hayawezi kutambua maji ya mvua yataelekea upande upi. Ilibidi kupima, kufyeka na kusimika nguzo. Meridiani ilikuwa rahisi zaidi kwa mpimaji, kwa kuwa haijali kilima wala kijiji: ilikwenda moja kwa moja zaidi ya kilomita 100. Walala na Walamba, ambao hawakuulizwa, walijikuta wamegawanyika, hawa chini ya utawala wa Wabelgiji na wale chini ya Waingereza.

Reli nayo ilifika kutoka kusini. Mwaka 1909 iligusa mpaka huko Sakania, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Sakania ikawa kituo cha forodha. Huo, kwa kweli, ni mji uliozaliwa na mstari.

Katika kompyuta, mchoraji aliyekosea hubonyeza kitufe na mstari hurudi ulivyokuwa. Baada ya uhuru wa 1960 na 1964, Kongo na Zambia ziliurithi mstari kama ulivyo. Hata leo Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia ya mkato huingia Kongo pale Mokambo, husafiri kilomita zipatazo 70, kisha huvuka Luapula pale Chembe na kuingia tena Zambia. Kivuko cha Chembe kilipewa daraja mwaka 2008. Karatasi za kusafiria bado zinahitajika pande zote mbili.